Akiba ya tarakilishi huoza: Namna ya kutunza nakala katika diski ya nje

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Msemo huo umewafaa wengi waliojiwekea kidogo kidogo wakati wa neema, wakajifaidi wakati wa dhiki. Hata hivyo, kwa mwenye tarakilishi nyumbani, msemo huo una ila moja kubwa. Akiba ya tarakilishi huoza, tena huoza kimyakimya, na mwenyewe hutanabahi siku anapoihitaji.

Katika familia nyingi za Kenya, tarakilishi moja ya mezani au kipakatalishi kimoja hubeba sehemu kubwa ya maisha ya watu wa nyumba hiyo. Humo mna picha za harusi na za mazishi, nakala za vyeti vya kuzaliwa na vya shule, tasnifu ya mwana aliye chuoni, hesabu za duka na kumbukumbu za mikutano ya chama. Yote hayo hukaa katika diski moja isiyozidi ukubwa wa kiganja.

Tarakilishi ikiharibika, nyingine hununuliwa. Programu zake nazo hupatikana tena. Lakini picha ya nyanya aliyefariki miaka 10 iliyopita haiuzwi dukani, na tasnifu iliyoandikwa kwa miezi 8 haiandikwi upya kwa usiku mmoja.

Tiba ya balaa hii inajulikana. Ni kuweka nakala za akiba katika diski ya nje, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye tarakilishi kwa waya wa USB na kuchomolewa kazi ikiisha. Tatizo ni kwamba wengi hununua diski hiyo, wakanakili faili mara moja, kisha wakaitia sandukuni na kuisahau. Nakala ya namna hiyo humpa mtu utulivu wa moyo bila kumpa usalama.

Hatari zinazokabili diski

Hatari ya kwanza ni uchakavu. Diski za aina ya zamani, ambazo bado zinauzwa kwa wingi kwa sababu ya bei yake nafuu, zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hizo huelea kichwa cha kusomea data, kikiwa kimetengana nazo kwa nafasi nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Kipakatalishi kikianguka kutoka mezani wakati sahani zinazunguka, kichwa hicho kinaweza kuzigusa na kuzikwaruza.

Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, hivyo hustahimili mtikisiko. Hata hivyo, nazo huweza kufa ghafla bila kutoa dalili yoyote. Isitoshe, faili ikishafutwa katika diski ya SSD, mara nyingi haiwezi kufufuliwa hata na fundi stadi.

Hatari ya pili ni umeme. Wakenya hawajasahau Juni 7, 2016, wakati tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kusababisha giza kote nchini. Usiku wa Agosti 25, 2023 pia, karibu nchi nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi. Stima ikipotea wakati tarakilishi inaandika kitu kwenye diski, faili huweza kubaki nusu, na pengine mpangilio mzima wa diski ukavurugika. Aidha, umeme unaporejea kwa kishindo unaweza kuunguza vifaa.

Hatari ya tatu ni wizi, moto na maji. Kipakatalishi ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwizi hubeba, na iwapo diski ya akiba imewekwa kando yake, huenda pamoja nacho. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyoingia katika nyumba nyingi jijini Nairobi na kwingineko yalionyesha kwamba maji hayabagui kati ya tarakilishi na sanduku lenye nakala zake.

Hatari ya nne ni virusi. Kuna virusi ambavyo huzifunga faili zote kwa msimbo, kisha mwenyewe akadaiwa fidia ili apewe ufunguo. Mfano unaokumbukwa zaidi ni WannaCry, vilivyozuka Mei 12, 2017 na kushambulia tarakilishi zaidi ya 200,000 katika takriban mataifa 150, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza. Waathiriwa walidaiwa dola 300 kila mmoja, zilipwe kwa sarafu ya Bitcoin.

Hatari ya tano ni mwenye tarakilishi mwenyewe. Mtoto akicheza, au mtu mzima akiwa na haraka, hufuta kabrasha zima au kuandika hati mpya juu ya ile ya zamani. Hakuna diski, hata iwe ya bei gani, inayoweza kumkataza bwana wake.

Kuchagua diski

Mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mtambo wa RAMAC, wa kwanza kuuzwa ukiwa na diski za aina hii. Sehemu yake ya kuhifadhia data ilikuwa na uzito wa karibu tani 1, na ilihifadhi herufi milioni 5. Leo diski ya nje ya terabaiti 1, inayoingia katika mfuko wa koti, hubeba mara 200,000 ya kiasi hicho. Picha za megabaiti 4 kila moja zinaweza kuingia humo 250,000.

Kanuni nyepesi ni kununua diski yenye nafasi angalau maradufu ya data iliyoko. Mwenye gigabaiti 400 za kuhifadhi atatoshelezwa na terabaiti 1, kwa kuwa data huongezeka na programu za kunakili huhitaji nafasi ya kuweka matoleo ya awali.

Kasi nayo hutegemea tundu la USB. Kupitia USB 2.0, ambayo ni ya mwaka 2000, gigabaiti 200 huchukua karibu saa 2 kunakiliwa. Kupitia USB 3.0 iliyokuja mwaka 2008, diski ya kawaida yenye sahani huimaliza kazi hiyo kwa kama nusu saa, ingawa maelfu ya faili ndogo ndogo huichelewesha.

Mnunuzi anafaa kujihadhari na diski bandia. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, vikiwa vimetiwa hila vionyeshe terabaiti 2 au zaidi ilhali ndani mna nafasi ndogo mno. Kifaa cha aina hiyo hupokea faili zote bila kulalamika, kisha zinapofunguliwa hupatikana kwamba nyingi ni tupu. Ni vyema kununua katika duka linalotoa risiti na dhamana, na kuijaribu diski kwa kuijaza faili na kuzifungua kabla ya kuikabidhi amana yoyote.

Jambo jingine ni mpangilio wa ndani wa diski. Baadhi ya diski na flashi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, mathalani video ndefu ya harusi. Mfumo wa NTFS unafaa kwa tarakilishi za Windows, lakini tarakilishi ya Mac huusoma tu bila kuuandikia, isipokuwa iongezewe programu. Anayetumia aina zote mbili atafaidika na mfumo wa exFAT. Ikumbukwe kwamba kubadilisha mpangilio hufuta kila kitu kilichomo, hivyo kazi hiyo hufanywa diski ikiwa tupu.

Nini kinakiliwe

Si kila kilichomo tarakilishini kinachostahili nakala. Programu hupatikana tena, na filamu ya kukodi si mali ya mtu. Kinachotangulia ni kile ambacho hakipatikani kwingine: picha na video za familia, hati zilizoandikwa nyumbani, vyeti vilivyopigwa picha na hesabu za biashara.

Wafanyabiashara wadogo wana sababu ya ziada. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mlipa ushuru kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mwenye duka ambaye vitabu vyake vimo katika kipakatalishi kimoja pekee hawezi kumtolea mkaguzi hesabu zilizozama na kipakatalishi hicho.

Wengi hunakili kabrasha la hati na la picha, wakasahau vitu vilivyofichika. Programu za hesabu mara nyingi huweka data zake katika kabrasha lake lenyewe. Barua pepe zinazosomwa kwa programu maalumu huweza kuwa zimehifadhiwa humo humo tarakilishini. Kuna pia faili zilizoachwa kwenye eneo la mbele la skrini na kabrasha la vitu vilivyopakuliwa mtandaoni. Fauka ya hayo, simu ya mkononi siku hizi ina picha nyingi kuliko tarakilishi, na picha hizo zinafaa kuhamishiwa tarakilishini kabla ya kazi kuanza.

Njia tatu za kunakili

Njia ya kwanza ni ya mkono. Mtumiaji huichomeka diski, hufungua kabrasha jipya lenye tarehe ya siku hiyo, na kunakili humo makabrasha anayoyataka. Njia hii haihitaji programu, na faili zake hufunguka katika tarakilishi yoyote. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea kumbukumbu ya binadamu, na binadamu ni msahaulifu.

Njia ya pili ni kuitwika programu kazi hiyo. Tarakilishi za Mac zimekuwa na Time Machine tangu mwaka 2007. Hiyo hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa kipindi cha nyuma zaidi, hadi diski ijae ndipo ifute zile kongwe. Windows nayo ina File History tangu toleo la 8 la mwaka 2012, ambayo hunakili hati, picha, muziki na video kila saa diski inapokuwa imechomekwa. Wenye Linux wana programu kama Déjà Dup.

Ubora wa programu hizi ni kwamba baada ya safari ya kwanza, hunakili yale tu yaliyobadilika. Pia hutunza matoleo ya awali, kiasi kwamba hati iliyoharibiwa Jumanne huweza kurejeshwa jinsi ilivyokuwa Jumatatu.

Njia ya tatu ni kuchukua taswira ya diski nzima, pamoja na mfumo wa uendeshaji na programu zote. Hii humwezesha mtu kuirejesha tarakilishi yake jinsi ilivyokuwa, bila kusakinisha programu moja moja. Huchukua nafasi kubwa, kwa hivyo yatosha kufanywa mara chache kwa mwaka, au kabla ya mabadiliko makubwa. Mabadiliko hayo yamewafika wengi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10. Kuhamia toleo jipya bila nakala ni sawa na kuhama nyumba usiku bila kuhesabu mizigo.

Kuhusu ni mara ngapi kazi hii ifanywe, kipimo ni swali moja: mtu yuko radhi kupoteza kazi ya siku ngapi? Mwenye duka huenda asistahimili kupoteza hata siku 1. Mwanafunzi anayeandika tasnifu anafaa kunakili kila jioni. Familia inayohifadhi picha tu yaweza kutosheka na mara moja kwa mwezi.

Makosa yanayowaponza wengi

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kuhamisha ni kunakili. Tarakilishi ikijaa, mtu huhamishia picha zote kwenye diski ya nje, akazifuta tarakilishini ili kupata nafasi. Baada ya hapo husema kwa fahari kwamba picha zake zimo katika akiba. Ukweli ni kwamba hana akiba. Bado ana nakala moja tu, na sasa imo ndani ya kifaa kidogo kinachobebwa mkobani na kuangushwa kwa urahisi.

Kosa la pili ni kuiacha diski ikiwa imechomekwa usiku na mchana. Virusi vinavyodai fidia hufunga pia faili za diski iliyounganishwa, na umeme unaoiunguza tarakilishi huweza kuiunguza diski hiyo pia. Inafaa ichomekwe wakati wa kazi, kisha mtumiaji aiagize tarakilishi kuiachilia, na ndipo achomoe waya. Kuuchomoa kwa ghafla wakati data bado zinaandikwa huharibu faili.

Kosa la tatu ni kutegemea huduma za mtandaoni pekee. Huduma zinazolinganisha makabrasha kati ya tarakilishi na mtandao hufanya kazi pande zote mbili: faili ikifutwa hapa, hufutwa kule pia, na muda wa kuirejesha una kikomo. Kadhalika, kupakia gigabaiti 200 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 44 mfululizo, mbali na gharama yake. Mtandao ni msaidizi mzuri wa diski ya nje, lakini haufai kuwa nguzo pekee.

Tatu, mbili, moja

Wataalamu wengi hufuata kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh. Kanuni hiyo hutaka data ziwe na nakala 3, ikihesabiwa ile ya asili. Nakala hizo ziwe katika vifaa vya aina 2. Na nakala 1 iwekwe mahali pengine kabisa, mbali na nyumba hiyo.

Kwa familia ya Kenya, kanuni hii si ngumu kutekelezwa. Nakala ya asili hukaa tarakilishini. Ya pili huwa katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Ya tatu yaweza kuwekwa kwa ndugu anayeaminika. Familia nyingi za mijini husafiri mashambani wakati wa Krismasi na likizo ya Aprili. Diski moja ikiachwa kwa wazazi Desemba, na kubadilishwa kwa nyingine Aprili, moto au mafuriko ya mjini hayataweza kuzifikia zote mbili. Mambo machache ya dharura, kama vyeti na tasnifu, yanaweza kuongezwa mtandaoni kwa kuwa ni mepesi.

Wakazi wa Pwani wana jambo la ziada la kuzingatia. Hewa ya chumvi na unyevu hushambulia ncha za chuma za waya na matundu. Diski inafaa kuwekwa katika chombo kinachofunga vyema, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu ambavyo huja na viatu au vifaa vya umeme.

Nakala isiyojaribiwa

Yote yaliyotangulia hayana maana ikiwa nakala haifunguki. Kisa cha studio ya Pixar ya California, Marekani, ni funzo. Mwaka 1998, studio hiyo ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, amri ya kufuta faili ilitekelezwa kimakosa katika tarakilishi zake. Wahusika wa filamu wakaanza kutoweka mbele ya macho ya waliokuwa kazini, na sehemu kubwa ya kazi ikapotea.

Studio haikuwa na hofu mwanzoni, kwa kuwa ilikuwa na nakala za akiba. Zilipofunguliwa, ikabainika kwamba utaratibu wa kunakili ulikuwa umekwama kitambo na hapakuwa na aliyegundua. Kilichookoa kazi hiyo ni tarakilishi ya nyumbani. Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani, ambako alikuwa na nakala ya faili hizo. Tarakilishi yake ilifungwa kwa mablanketi, ikabebwa garini kwa uangalifu mkubwa hadi studioni. Filamu ilitolewa Novemba 1999.

Kampuni yenye mafundi hodari iliokolewa kwa bahati, na si kila nyumba itakayobahatika hivyo. Kwa sababu hiyo, kila baada ya miezi 3 mtumiaji anafaa kuchagua faili kama 5 za aina mbalimbali kutoka diski ya akiba: picha, video, hati, hesabu na barua. Azinakili hadi kabrasha tupu, azifungue moja baada ya nyingine, na aangalie tarehe za karibuni. Mara moja kwa mwaka afanye hivyo katika tarakilishi nyingine, kwa kuwa siku ya balaa ile ya kawaida huenda isiwepo. Walio wasahaulifu wanaweza kuitumia Machi 31, ambayo tangu mwaka 2011 huadhimishwa kimataifa kama siku ya nakala za akiba.

Siri na umri wa diski

Diski inayobebeka pia huibika, na mwizi hupata kila kilichomo. Kuifunga kwa nywila ni jambo la busara. Mac zina uwezo huo, na matoleo ya Windows ya kitaaluma yana BitLocker. Anayetunza taarifa za watu wengine, kama vile mwalimu mwenye shule ndogo au mwenye zahanati, anabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayomtaka kuzikinga zisivuje wala zisipotee. Lakini nywila ikisahaulika, data nazo zimekwenda. Inafaa iandikwe karatasini na kutunzwa mahali salama mbali na diski yenyewe, na mtu mwingine mmoja katika familia ajue ilipo. Wapo waliofariki wakaacha picha za ukoo mzima zikiwa zimefungwa kwa neno walilolijua wao pekee.

Mwishowe, diski ya akiba nayo huzeeka. Ikianza kutoa mlio wa kugonga, kuchelewa kufunguka au kutoweka ghafla kwenye skrini, isingojwe. Data zihamishiwe diski mpya siku hiyo hiyo, na ile kongwe isipewe tena kazi ya kubeba amana. Diski ya SSD nayo haifai kuachwa kabatini miaka mingi bila kupewa umeme, kwani data zake huweza kufifia.

Tahadhari kabla ya hatari, husema Waswahili. Gharama ya diski moja na saa chache kwa mwezi ni ndogo ikilinganishwa na majuto ya mtu anayesimama mbele ya skrini nyeusi, akijaribu kukumbuka sura ambazo hatazipata tena. Akiba ya tarakilishi huoza ikiachwa. Ikitembelewa mara kwa mara, ikafunguliwa na kuhuishwa, huweza kuwafaa hata wajukuu.